Alianza Juu

Kila Jumamosi jioni mama mkwe wangu alikuwa akikipindua kinu. Alikilaza kifudifudi karibu na mlango, akauegemeza mchi ukutani, kisha akakipiga kinu kitako kwa kiganja kama mtu anayefukuza mbuzi, na hapo ndipo Jumapili ilipoingia nyumbani kwetu. Mtama ambao haujatwangwa ulingoja Jumatatu. Mgeni akija, ale mhogo wa kuchemsha. Mtoto akilia, anyonye.

Kwa ajili ya kinu kile nilimchukia. Naandika nilimchukia kwa sababu ndilo neno lenyewe, na sina sababu ya kulipaka mafuta. Nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha, ulikuwa mwaka wa njaa, na Padre mwenyewe hakumkataza mtu kupika siku ya Bwana. Alikataza kazi ya shamba tu. Nilimweleza mama hivyo, mimi niliyesoma.

"Mama, amri haikutaja kinu."

"Haikutaja, mwanangu. Lakini mkono wangu naujua mimi. Leo nikiuachia mchi, kesho utataka jembe."

Jirani yetu, mwanamke wa upande wa Nyasa aliyekuwa akitwanga Jumapili nyuma ya nyumba huku ametanda kanga kana kwamba Mungu atampita, alikuwa akicheka. "Huyo bibi," akasema, "akifika mbinguni atamfundisha Mungu kupumzika."

Nami nilicheka naye.

Niseme mimi ni nani, maana habari hii haieleweki bila hilo. Nililetwa Bagamoyo nikiwa mdogo sana. Manowari ya Waingereza ilikikamata chombo tulichokuwa tumepakiwa, na kutoka huko nikakabidhiwa misheni pamoja na watoto wengine ambao hawakujua hata lugha ya wenzao. Jina la mama yangu silijui. Kabila langu nimeambiwa mara hili mara lile, kwa kukisia sura. Masista wakanilea. Walinifundisha kusoma, kuandika, hesabu, kushona, na wenzangu walipotolewa darasani kwenda kuolewa, mimi nikabakizwa niwafundishe wadogo, nikaendelea kusoma vitabu vilivyobaki. Hakuna msichana wa kijiji cha misheni aliyekaa na kitabu kuliko mimi. Nami nilijivuna, kwa nini nisijivune?

Lakini neno utii lilinichoma. Wengine walilisikia kwanza katika mafundisho ya dini; mimi nililisikia kwanza nikiwa kwenye kamba, nikitembea nyuma ya mtu mzima ambaye shingo yake ilikuwa imefungwa na ya mwenzake. Kwa hiyo Padre akisimama altareni kuhubiri kwamba imani bila kushika amri za Mungu haimfikishi mtu uzimani, nilikuwa nikiangalia miguu yangu. Nilijiambia: nimebatizwa, maji yamenipita kichwani, nimeokoka, yamekwisha. Yote yaliyozidi hapo niliyaona ni kamba nyingine, iliyosokotwa vizuri zaidi.

Mama mkwe wangu hakuwahi kufungwa kamba. Ni Mkwere, mtu huru, wa vijiji vya upande wa Fukayosi. Mwanawe, mume wangu, alikuja Bagamoyo kutafuta kazi kwenye minazi ya misheni, akabatizwa, akanioa. Baba mkwe alipofariki, na mvua zilipoanza kukataa huko bara, mama akajitwika jamvi lake akatufuata. Hakuulizwa na mtu habari ya dini. Siku moja tu alikwenda akaketi nyuma ya wale wanaofundishwa kwa ajili ya ubatizo, na keshoye akarudi tena.

Hakujua kusoma, akazitia amri vidoleni. Alianzia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akaja nazo hadi gumba, akavuka mkono wa kulia. Usiue ikaangukia gumba la kushoto. Usiseme uongo ikaangukia kidole cha kati cha kulia. Akichambua mchele utamwona anavikunja vidole kimoja kimoja, midomo inacheza. Na aliyoyatia kidoleni aliyafanya. Jirani alipomwomba amwambie mtozaji wa ushuru wa soko kwamba hayupo naye yupo, alitoka nje akasema, "Yupo ndani, amejificha." Wiki nzima jirani hakutuletea moto.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa naye chini ya paa moja nilipojifungua binti yangu.

Mama alimpenda mtoto huyo hata ikachekesha. Alimwita mke mwenzake, ndiyo mizaha ya bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu ameamka na hasira, mume wetu amemuudhi nini?" Yeye ndiye aliyemwogesha, yeye ndiye aliyemsugua ufizi kwa kidole alipoanza kutoa udenda. Kisha ghafla akabadilika. Akawa anambeba uso umeelekea kifuani kwake, hata joto lilipokuwa kali. Akaniambia nisimtoe nje ovyo. Nilidhani ni wivu wa mabibi.

Asubuhi moja mtoto alicheka, nami nikayaona: meno mawili, meupe kama punje za mchele, katika ufizi wa juu. Nikampeleka mbio kwa mume wangu. Akatazama, akasema "Ehe," akashika shoka akaenda kuchanja kuni tulizokuwa nazo tele. Mama naye nilipomwonyesha alisema tu, "Nimeyaona."

Nikasema moyoni, watu hawa hawana furaha. Mimi sikuwa na ukoo wa kunitumia kuku. Sikuwa na shangazi wa kuniambia meno ya mtoto yanaonyeshwa nani na yanafichwa nani. Masista walikuwa wamenifundisha mito ya Ulaya.

Basi akaja wifi yangu. Alitoka bara na mzigo wa sandarusi, ile gundi ngumu ya miti, kichwani, anaupeleka kwa Mhindi mjini, akapita kwetu kupumzika. Nikamtandikia, nikamwekea chakula, na kabla hajatia tonge mdomoni nikamketisha mtoto mapajani mwake nikamfunua mdomo.

"Tazama, wifi. Mawili ya juu."

Mkono wake ukabaki hewani. "Nani amekuambia unionyeshe mimi?"

"Mtoto wa kaka yako, nimwonyeshe nani mwingine?"

Alinirudishia mtoto taratibu, kama mtu anayerudisha chungu kisicho chake. Akanawa mikono ingawa hakuwa amekula. Akajitwika mzigo wake akaenda, hata kwaheri hakusema. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Hakunikemea. Aliitua ndoo, akakaa chini pale pale juani.

Jirani ndiye aliyenieleza, maana nilimwendea nikilalamika kwamba wifi yangu hana adabu. Aliacha kucheka.

"Ninyi mliolelewa na masista mnajua hata Kilatini," akasema, "kigego hamkijui."

"Kigego ni nini?"

"Ni huyo uliyembeba. Mtoto anayeanza meno ya juu. Huko kwao mama mkwe wako, mtoto huyo hakai. Wanasema akikaa, ukoo unakwisha mmoja mmoja. Zamani waliwapeleka porini. Siku hizi wengine huwatoa kwa watu wa pwani, wachukuliwe mbali. Na mwaka huu mvua imekatika, dada. Wanatafuta wa kumlaumu."

"Mwanangu ni wa misheni."

"Mwanao ni wa ukoo. Kwa Wakwere mtoto hufuata ukoo wa mama yake, na wewe, mama yake, huna ukoo. Kwa hiyo wamemhesabu kwao, upande wa mama mkwe wako. Mwenye neno juu yake ni kaka wa huyo bibi yako. Padre atamzuia asiingie na mkuki. Lakini Padre hatamfuata mtoto kisimani na shambani mpaka akue."

Nilirudi nyumbani siioni njia. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kuni zake.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilitumaini ya chini yatatoka upesi," akasema, "yakishatoka yote, nani atajua lipi lilitangulia?"

Nilimwambia mambo ambayo mke hamwambii mume, na sijayajutia yote. Lakini nilipotulia niliona maneno yake yana akili. Na kweli, kabla mwezi haujaandama, ya chini yakatoka, mawili, yamesimama sawasawa na ya juu. Mtu akimtazama mtoto sasa angeona kinywa kama vinywa vyote. Lililobaki ni neno tu. Jirani akasema wifi atabishiwa, maana aliona mara moja tu, na mzigo kichwani. Mume wangu akasema mjomba wake, yule kaka wa mama, si mkatili, akija kuuliza ataamini. Mimi nilikuwa tayari kuapa mbele ya msalaba.

Alibaki mama. Desturi haimuulizi mzazi, mzazi hujulikana atasema nini. Humuuliza bibi aliyemwogesha mtoto. Neno lake ndilo hukata.

Nilimkuta na ungo, anachagua mawe katika mchele kidogo tuliopewa na masista.

"Mama, kaka yako akija, sema chini."

Akaendelea kuchagua.

"Mama."

"Nimesikia. Unataka niingie kwenye maji ya ubatizo na uongo mdomoni."

"Nataka mwanangu aishi."

"Na mimi nataka aishi."

"Basi sema chini."

Niliona amekishika kidole cha kati cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anakibana. Nikaondoka pale na hasira. Nikasema moyoni: huyu atamtoa mwanangu ili asikose mbingu. Ndiyo dini yao hii, nikasema, mtu anahesabu amri zake kama mchuuzi, akizitimiza zote anakwenda kulipwa, na anayeumia njiani si shauri lake. Siku zile sikula pamoja naye. Mtoto nilimwogesha mwenyewe. Yeye hakulalamika, Jumamosi ilipofika akakipindua kinu, akakipiga kitako, kama kawaida.

Mjomba alikuja Jumapili, tumetoka misa. Alikuja na wifi yangu tu, na fimbo ya kutembelea. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu wa kutisha. Alikuwa mzee aliyekonda, shingo imebaki mishipa, na nguo yake ilikuwa imefuliwa kwa ajili ya safari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

Akasalimiana na dada yake kirefu, wakaulizana habari za kila mtu na kila mbuzi, waliokufa na waliobaki. Kisha akakiona kinu.

"Dada, kinu kimekufa?"

"Kimelala. Leo Jumapili."

"Cha kwetu kimelala tangu masika yaliyopita," akasema mjomba, "na wala hatujabatizwa."

Tulicheka wote, hata mimi, na kicheko kile kiliniuma. Mtu akija na ubaya aje nao usoni. Mama akamletea maji katika kata, akamwekea mihogo. Hakugusa mihogo. Aliomba kumwona mtoto.

Nilimfungua kwenye mbeleko. Mikono yangu haikutaka. Mjomba akampakata, akamfunua mdomo kwa kidole, na binti yangu, ambaye hajui adabu hata leo, akakiuma kidole kwa meno yote aliyokuwa nayo. Mzee akacheka. Akamgeukia wifi.

"Wewe ulisema uliona ya juu peke yake."

"Niliona."

"Ulikuwa na mzigo kichwani, njaa tumboni, na jua machoni."

Wifi akainama. Mjomba akamgeukia dada yake, na sauti yake ikawa ya kubembeleza.

"Wewe ndiye uliyemwogesha. Neno lako ndilo neno. Watu wamekuwa wakinisumbua, nami nimetembea jua lote hili nipate la kuwajibu. Alianza chini, eti?"

Alikuwa amemtafunia jibu, kilichobaki ni kumeza tu. Nilimwona mume wangu amefumba macho. Nilimwona wifi yangu, yule yule aliyeipeleka habari, anamtazama mama yake kwa macho ya kumwomba. Hapana mtu katika nyumba ile ambaye hakuutaka uongo ule. Mihogo ilikuwa tayari. Tungekula, tungecheka habari za kinu, wangelala kwetu, kesho wangerudi.

"Juu," akasema mama.

Mjomba akamtegea sikio. "Masikio yangu yamezeeka, dada. Sikusikia vizuri."

"Umesikia, kaka. Alianza juu. Mimi niliyahisi kwa kidole kabla mama yake hajayaona."

Nilimnyakua mtoto. Nilimwita mama mkwe wangu mchawi mbele ya kaka yake na watoto wake. Nilimwambia Mungu wake amle. Hakunigeukia. Alikuwa amevikunja vidole vya mkono wa kushoto, gumba ndani ya ngumi.

"Alianza juu," akasema, "na atakua. Mungu amesema usiue. Hakutaja meno."

"Hakuna aliyetamka kuua hapa," akasema mjomba. "Kuna watu wa pwani wanaopokea. Ataishi huko."

Hapo nikazungumza mimi. "Nitazame, mjomba. Mimi ndiye aliyepokelewa na watu wa pwani. Nitazame vizuri, kisha unitajie mama yangu."

Alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama chini. Simsahau kwa hilo. Alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hajapotea.

"Nilikufungulia mlango, dada," akasema polepole.

"Niliuona."

"Ungepita."

"Ningepita mimi na huyu. Na atakayeota juu mwakani, huko kwako? Nikisema huyu alianza chini ndiyo maana akaachwa, nimekubali kwamba wa juu ni wa kutupwa. Utakwenda kwa mama yake na neno langu mkononi. Utasema, hata dada yangu wa misheni anajua hivyo."

"Na ukoo ukifa?"

"Mkosi wake niwekee mimi. Nitoe mimi naye."

Mzee aliinuka. Alishika ile kata, akayamwaga maji yaliyobaki chini, mbele ya miguu ya dada yake, taratibu, mpaka tone la mwisho. Nilikuwa sijui maana yake. Mume wangu alijua, maana alilia kwa sauti.

"Basi ukifa usituite," akasema mjomba. "Tukifa hutaitwa. Wewe na huyo mtoto si wa kwetu."

Ndivyo mila ilivyopata chake. Mtoto alitolewa kwenye ukoo kama ilivyotakiwa, na bibi yake akatoka pamoja naye. Hapakuwa tena na mtu huko bara mwenye haki ya kumgusa binti yangu. Lakini mama mkwe wangu, ambaye alikuwa na kaka na dada na makaburi ya wazee wake, akawa kama mimi, mtu asiye na kwao. Ukoo alikuwa nao, na aliutoa mchana kweupe kwa neno moja, huku mimi namwita mchawi.

Wifi alimfuata mjomba wake. Alipopita karibu yangu aliugusa unyayo wa mtoto, akaenda.

Sasa nieleze hasira yangu, maana haikwisha siku ile. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kusema kweli, nikamkasirikia kwa kuwa kweli yake imeshinda uongo wangu. Uongo wetu ungemweka mtoto chini ya kitambaa maisha yake yote. Kila mgonjwa wa ukoo, kila mvua iliyochelewa, wangekumbuka na kuuliza tena, nasi tungeapa tena. Jioni nilikwenda nikaketi karibu naye. Alikuwa ameegemea kile kinu kilichopinduliwa, mkono wake juu ya kitako chake, macho yamevimba.

"Kama angemchukua?"

"Angepita juu yangu kwanza."

"Mama, ulisema vile ili uokoke?"

Alifikiri. Si mtu wa kujibu haraka.

"Mimi sina vitabu vyako," akasema. "Naona hivi. Mungu amenikuta njiani, amenileta nyumbani kwake bure, sikuleta hata kuku. Sasa nimo ndani. Mwari akiolewa hujifunza desturi za nyumba aliyoingia. Hajifunzi ili aolewe, ameshaolewa. Lakini asipojifunza atakaa humo kama mgeni, na siku moja atatoka mwenyewe, hakuna atakayemfukuza."

Kisha akasema, "Na uongo mimi naujua kuusema, usidhani siujui. Leo ulimi ulikuwa tayari. Ndiyo maana nakipindua kinu."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kinu. Nilikuwa nimedhani ni ushamba wa bibi asiyejua kusoma mipaka ya amri. Kumbe alikuwa akiuzoesha mkono kuacha, wiki baada ya wiki, katika jambo dogo ambalo halimuumizi mtu, ili siku ya jambo kubwa mkono usianze kujifunza. Mimi ambaye nilikuwa nimezijua amri zote kwa kichwa, na maelezo yake, siku ya jambo kubwa nilikuwa tayari kuapa uongo msalabani. Yeye alikuwa ameshazoea.

Nikafikiri pia juu ya ile kamba yangu. Yule aliyetushika alitaka utii, naam. Alitaka tusikimbie, tusilie, tusianguke na mzigo wake. Hakuwahi kutuambia tusiue, tusiibe, tusiseme uongo; hayo yangemzuia yeye. Amri hizi za mama zilikuwa za kwanza nilizoziona zikisimama upande wa mtoto asiye na mtu. Padre alikuwa amesema hivyo miaka yote, labda kwa maneno mazuri zaidi. Mimi nilihitaji kuziona zimekaa kwenye vidole vya mtu.

Mama alibatizwa Pasaka. Alinichagua mimi niwe mama yake wa ubatizo. Nilikataa, nikamwambia nilimwita mchawi. "Ndiyo maana," akasema. "Wewe hutanisifu uongo." Basi nilisimama nyuma yake, mkono wangu begani kwake, bega limekonda kama ukingo wa ungo. Padre akamuuliza anaomba nini kwa Kanisa, akajibu, imani. Akamuuliza imani itampa nini, akajibu, uzima wa milele. Na Padre akamwambia yale ambayo Bwana alimwambia kijana tajiri, kwamba akitaka kuingia uzimani azishike amri. Nilikuwa nimeyasikia katika kila ubatizo tangu utoto wangu, kama mtu anavyosikia majogoo. Siku ile niliyasikia. Nilihisi bega lake likicheza chini ya kiganja changu, nikachungulia. Alikuwa anavikunja vidole, kimoja kimoja, kuhakikisha vipo vyote.

Tulipotoka nje akaniambia, "Sasa wewe ni mama yangu na mimi mama yako. Mke mwenzangu atamwita nani bibi?"

Mvua zilirudi mwaka ule. Huko bara wakasema ni kwa sababu kigego ametolewa. Sisi tulimshukuru Mungu. Hakuna aliyekuja kumwambia mama kwamba amesamehewa. Kaka yake akafa baadaye, na habari ilitufikia kwa wapagazi, wameshamzika. Mama alilia peke yake shambani, akarudi, akapika. Sitasema haikumgharimu. Wanaosema kumtii Mungu ni kwepesi, waje kwetu nikawaonyeshe mahali yale maji yalipomwagwa.

Na mimi bado ni mtu wa hasira, watu wa kijiji hiki watawaambia. Lakini Jumamosi jioni ninayekipindua kinu siku hizi ni mimi, maana mgongo wa mama umekuwa mzito.

Juzi tu, Jumapili, tumekaa barazani na sinia la mihogo, akaja mwanamke nisiyemjua, miguu imejaa vumbi la njia ya bara, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka utosini licha ya joto lote lile. Akapiga hodi. Tukamkaribisha. Akaketi pembeni mwa jamvi kama mtu anayetaka kuondoka.

"Nani amekuelekeza huku, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Mama mmoja anayepita na mzigo wa sandarusi. Aliniambia niulize nyumba yenye kinu kilichopinduliwa."

Mama alifunga macho kidogo, akayafungua. Hakuna aliyemuuliza mgeni neno lingine. Lakini yeye akamkaza mtoto mgongoni, akasema haraka, kama somo lililokaririwa njia nzima:

"Alianza chini. Wasiwadanganye. Alianza chini."

Mama akanigeukia mimi, akangoja.

"Dada," nikamwambia, "wangu alianza juu. Ndiye yule pale anayeiba mihogo. Mshushe wako apate hewa."